Jiwe la Watawa

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, Rosalia alimimina chai nami nikagawa mahamri. Ndivyo tulivyofanya tangu wiki tuliyoanza kazi pamoja katika shule ya wasichana pale Kisauni. Mkono wake ulikuwa imara. Aliinua birika juu kabisa na chai ikashuka kama uzi bila kumwagika hata tone. Wangu mimi hutetemeka nikiitwa jina tu.

Siku hiyo alikuwa amekwisha kujaza kikombe changu na anajaza chake, huku akiniigizia jinsi mkuu wetu, Mwalimu Faraj, anavyotafuta miwani ilhali ameipandisha kwenye paji la uso. Mlango ukafunguka, akaingia Mwalimu Faraj mwenyewe. Mara hii miwani ilikuwa machoni, na mkononi alishika bahasha ya khaki.

"Bi Rosalia," akasema, "Kamati yakuita kesho saa nne. Wewe na shahidi wako."

Chai ikamwagika mezani. Sikuwahi kumwona Rosalia akimwaga chai.

Shahidi wake nilikuwa mimi.

Ilikuwa mwezi wa tisa, miezi mitatu kabla ya Uhuru, na kila mtu aliulizwa ni wa wapi. Wako waliosema kwamba pwani ni ya wapwani, na watu wa bara waliokuja kufanya kazi bandarini na kwenye reli wafunge mizigo yao. Wengine walicheka kusikia maneno hayo, kisha jua likitua wakafunga milango kwa makomeo mawili. Baraza la Ng'ambo, ambalo sote tulizoea kuliita Bunge, lilikuwa limekabidhiwa shule zetu, na mojawapo ya amri zake za kwanza ilihusu walimu. Mwalimu ambaye karatasi zake zaonyesha kwamba alizaliwa nje ya pwani ataacha kazi mwisho wa mwezi, isipokuwa awe na shahidi: mtu wa ukoo wa zamani wa hapa, atakayesema kwa kinywa chake kwamba anajua mwalimu huyo alizaliwa wapi.

Rosalia alizaliwa Changamwe. Baba yake, Mzee Wafula, alikuwa mfanyakazi wa reli. Lakini Rosalia alipotimiza miezi minne, wazazi wake, kwa furaha yao, walimpandisha gari la moshi wakampeleka kwao akabatizwe mbele ya nyanya yake. Karani wa kanisa aliandika jina la kijiji kile, na hakuna aliyemwuliza zaidi. Cheti hicho ndicho karatasi pekee aliyokuwa nayo, nacho kilisema bara.

Mimi nilijua alikozaliwa. Aliyemzalisha ni bibi yangu mzaa mama, Bibi Kuluthum, aliyekuwa mkunga wa Changamwe, kwa Waislamu na kwa Wakristo, kwa wenyeji na kwa wapangaji. Kila mtoto aliyempokea, kitovu kilipodondoka, alikizika na kupanda mnazi juu yake. Mzee Wafula alikuwa mpangaji, hakuwa na ua wa kupanda kitu, basi Bibi akakizika kitovu cha Rosalia katika ua wetu, hatua tatu kutoka mahali alipozika changu miezi miwili kabla yake. Tulikua tukicheza chini ya minazi hiyo miwili. Wa Rosalia ulitangulia kuzaa, nami nakumbuka nililia siku hiyo, na Bibi akanicheka.

Bibi alifariki mwaka uliopita. Rosalia alipopewa fomu ya Baraza, aliandika jina langu mahali pa shahidi bila hata kuniuliza, kama mtu anavyoandika jina la baba yake.

Wiki mbili kabla ya asubuhi ile, Mwalimu Faraj aliniita ofisini, akafunga mlango. "Suad," akaniuliza, "huyu Rosalia, wajua alizaliwa wapi?"

Nikasema, "Sijui."

Nilisema neno hilo moja tu. Alinitazama juu ya miwani kwa muda, kisha akaandika. Nikarudi darasani kwangu nikafundisha hesabu. Nilijiambia kwamba ni woga, kwa kuwa mwenyekiti wa Kamati, ile ya Baraza iliyowahoji walimu, alikuwa ami yangu, Barakat, ambaye nilikaa kwake. Nilijiambia hivyo kila siku, na kila siku niliketi na Rosalia nikanywa chai aliyonimiminia.

Sasa alikuwa anasoma barua huku chai inachuruzika mpaka sakafuni.

"'Shahidi hakuthibitisha.' Hakuthibitisha nini? Mwalimu, mumezichanganya karatasi zenu."

Mwalimu Faraj hakumtazama. Alinitazama mimi. "Kesho Bi Suad atasema mwenyewe mbele ya Kamati," akasema. "Na kwa kuwa Darasa la Saba wana ziara yao huko Bunge siku hiyo hiyo, nendeni nyote pamoja. Lori la machimbo litawachukua saa mbili."

Alipotoka, Rosalia alichukua kitambaa akafuta meza.

"Wamenitia hofu bure," akasema. "Shoga, usikunje uso. Utasema maneno mawili, tutarudi tule samaki. Tetemeka upendavyo, ila useme."

Nikacheka naye. Wallahi, nilicheka.

Kengele ikalia. Nilipopita nje ya Darasa la Saba, darasa la Rosalia, nilisikia viti vikisukumwa na wasichana arobaini wakisimama kwa kelele na furaha kumpokea. Mimi nilifundisha Darasa la Tatu. Wangu wakinisikia naja, huacha kunong'ona kidogo, kisha huendelea.

*

Jioni, baada ya swala ya magharibi, Ami Barakat aliniita barazani.

"Suad!"

"Abee, Ami."

"Njoo ukae."

Alikuwa anamenya chungwa kwa kisu, ganda likitoka refu bila kukatika. Huyu ndiye aliyenilea baba yangu alipokufa, na jamaa waliposema msichana hana haja ya chuo, ndiye aliyewajibu kwamba ni wao wasio na haja ya kusema. Alinipa nusu ya chungwa.

"Nimeiona fomu ya yule mwenzio," akasema. "Umejibu vyema."

"Nilisema sijui tu, Ami."

"Na kutojua si dhambi. Kesho nitakuuliza mbele ya watu, utajibu vile vile, yatakuwa yamekwisha. Sikiza, mwanangu. Mimi sina chuki na binti Wafula. Baba yake twasalimiana. Lakini tukimfungulia mmoja, kesho watakuwa mia mlangoni, na sisi tutakuwa wageni kwetu."

"Ndiyo, Ami."

"Na lile darasa lake, Faraj ameniambia, litakuwa lako."

Nikakishusha kipande cha chungwa nilichokuwa nakipeleka mdomoni. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kuhusu darasa lile. Hata katika dua zangu sikuwahi kulitaja.

"Mbona kimya? Hufurahi?"

"Nafurahi, Ami."

"Basi kula chungwa."

*

Lori lilituchukua saa mbili kasoro dakika chache. Lilikuwa limetoka kushusha mawe, na wasichana walikaa juu ya magunia, vumbi jeupe likiwashika sare mpaka wakawa kama wamepakwa unga. Rosalia aliketi katikati yao akiwaongoza kuimba. Mimi niliketi kando, buibui nimelikusanya magotini, nikihesabu minazi ya njiani, kisha nikaacha kuihesabu.

Nyumba ya Bunge ilikuwa Mwakirunge, karibu na machimbo, na imejengwa kwa mawe ya machimbo yale yale. Ilijengwa na watawa, wanaume wa Ulaya waliokuja miaka sitini nyuma kuomba na kulima na kukaa kimya. Malaria iliwapunguza mmoja mmoja, na waliosalia waliondoka mwaka wa hamsini na sita. Popo walikaa humo miaka sita. Baraza lilipotafuta mahali pa kukutania, likawafukuza popo, likapaka chokaa, likaweka bendera juu ya mnara wa kengele.

Mlangoni tulipokewa na Mzee Kaviha, tarishi wa Baraza. Alikuwa amevaa koti la khaki lililompwaya mabegani.

"Shikamoo, mzee," tukasema.

"Marahaba, wanangu. Karibuni Bunge. Mimi nilikuwa mpishi wa watawa miaka ishirini na miwili. Wakuu hawa walipoingia walinikuta bado nalinda jiko, wakanivika koti. Wale walinyamaza kutwa, hawa wasema kutwa, na wote wala wali wangu."

Wasichana walimpenda mara moja. Akatutembeza huku analalamikia magoti yake kila ngazi. Alituonyesha vyumba vya watawa, vyembamba kama makabati, ambamo sasa kila kimoja kilikuwa na karani na taipureta. Alituonyesha ukumbi wa chakula.

"Hapa hakuna aliyesema neno. Akitaka chumvi, alifanya hivi." Akapitisha kidole juu ya kidole.

"Na akitaka kuongezwa?" akauliza Mapenzi, msichana mrefu wa benchi la mbele ambaye mdomo wake haukupumzika.

"Huyo hakupata."

Wote wakawa wanaombana chumvi kwa vidole. Rosalia alinigusa bega akanifanyia ishara ya chumvi, nami nikainua mkono nikamjibu. Saa ya ukutani ilikuwa saa tatu na nusu.

Mwisho tukaingia ukumbi mkubwa, mahali Baraza lilipokutana. Mabenchi ya mawe yalizunguka ukuta pande tatu. Upande wa nne palikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cha kijani. Sakafu ilikuwa imepakwa rangi nyekundu, isipokuwa katikati, mbele ya meza, ambapo palikuwa na jiwe moja la mviringo lililolika juu kama mdomo wa kinu.

"Hili halikubali rangi," akasema Mzee Kaviha. "Limepakwa mara tatu, linabanduka. Hapa ndipo waliposimama kusema makosa."

"Makosa gani?"

"Kila Ijumaa asubuhi walikaa kuzunguka ukuta, wote. Mmoja mmoja alisimama hapa akasema kosa lake mwenyewe, kwa sauti, wote wasikie. Mimi lugha yao nilijifunza jikoni. Nilisimama hapo dirishani nikasikiliza, Mungu anisamehe."

"Waliiba?" akauliza Mapenzi.

"Ah, makosa yao! 'Nimefunga mlango kwa kishindo.' 'Nimemchukia ndugu yangu kwa anavyokohoa.' Mtu mzima na ndevu zake." Akangoja wasichana wamalize kucheka. "Lakini kulikuwa na sharti. Husemi 'kwa sababu'. Ukisema 'nilifunga mlango kwa kishindo kwa sababu ya upepo', mkuu wao anagonga meza, tok! Rudia. Unarudia. Ukisema 'kwa sababu nilikuwa naumwa', tok! Rudia. Niliona mmoja akarudia mara tano, jasho linamtoka. Siku hiyo nilielewa kwamba kusema kosa si kazi. Kazi ni kulisema peke yake."

Mapenzi alikuwa amekwisha kuruka juu ya jiwe.

"Mimi nimekula kashata ya Mahfoudha kwa sababu..."

"Tok!" wakapiga kelele wenzake, wakigonga mabenchi kwa vidole. "Rudia!"

"Nimekula kashata ya Mahfoudha."

"Nilijua!" akasema Mahfoudha kutoka nyuma. "Wallahi nilijua! Na nikamshuku Suleikha wa watu!"

Wakapanda watatu, wanne. Kisha wakamwita Rosalia, naye akasimama juu ya jiwe, mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Mimi nilivunja kikombe cha Mwalimu Faraj nikasingizia paka."

"Shuleni hakuna paka, mwalimu!"

"Ndiyo maana nasema ni kosa."

Kelele ikapanda mpaka darini. Halafu wakageuka kwangu. "Bi Suad! Bi Suad!"

"Mwacheni huyo," akasema Rosalia akishuka, na uso wake umejaa upole. "Huyo hana kosa. Tangu utoto hajavunja hata yai."

Nikasema, "Saa imefika, kaeni." Ilikuwa imefika kweli. Nje ya mlango nilisikia sauti ya Ami Barakat.

*

Wajumbe wa Kamati walikuwa watatu: Ami katikati, kulia kwake Diwani Hadi, mwenye maduka Likoni, na kushoto Diwani Absalom, aliyewahi kuwa mwalimu. Karani aliwapeleka wasichana wetu kwenye benchi la nyuma na kuwaambia kwamba mgeni Bunge hasemi wala hacheki. Mzee Kaviha akasimama mlangoni.

Rosalia aliitwa kwanza. Alisimama karibu na meza, hatua moja mbele ya jiwe.

"Umezaliwa wapi, bibi?" akauliza Diwani Hadi.

"Changamwe."

"Cheti chasema bara."

"Cheti chasema nilikobatizwa. Nilikuwa na miezi minne, mheshimiwa. Ningemsahihisha karani vipi?"

Diwani Absalom alicheka puani. Ami hakucheka.

"Hakuna ajuaye alikozaliwa," akasema taratibu. "Mtu huambiwa. Ndiyo sababu twataka shahidi. Shahidi wako yupo?"

"Yupo."

Aliporudi kuketi, aliniweka kiganja mgongoni, kama mtu anayemsukuma mtoto siku ya kwanza ya shule. "Maneno mawili tu, shoga."

Karani alinionyesha pa kusimama. Palikuwa pale pale, juu ya jiwe. Nilihisi baridi yake kupitia nyayo za makubadhi, na nyayo zikateleza kidogo zikaingia katikati, mahali palipolika, kama kwamba pamepimwa kwa ajili yangu.

"Bi Suad," akasema Ami. Aliniita vile kwa mara ya kwanza maishani. "Wiki mbili zilizopita uliulizwa kama wajua Rosalia Wafula alizaliwa wapi. Ulijibu kwamba hujui. Jibu lako ni lile lile?"

Nyuma yangu benchi lililia, kama mtu ameinuka nusu kisha akaketi tena. Sikuhitaji kugeuka kujua ni nani. Alikuwa amelisikia sasa, mbele ya wasichana wake, neno nililolificha nyuma ya chai kwa wiki mbili.

"Ndiyo au siyo," akasema Ami. Macho yake yaliniomba.

Nilitaka kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi, mdomo ulikwisha kuuzoea uongo ule. Nikafikiria minazi miwili ya Changamwe, na Bibi akinishika mkono asubuhi na kata ya maji, akiniambia: huu wako, huu wa mwenzio, ukiumwagia mmoja usiunyime wa pili.

"Siyo," nikasema.

"Sema wasikie."

"Siyo. Najua alikozaliwa. Alizaliwa Changamwe, katika chumba cha nyuma cha nyumba aliyopanga baba yake, mlango wa tatu kutoka kwetu. Bibi yangu mzaa mama, Kuluthum, ndiye aliyempokea. Kitovu chake kimezikwa katika ua wetu, hatua tatu kutoka kwa changu. Mnazi uko. Mnaweza kwenda kuutazama leo. Ndio ule uliotangulia kuzaa."

Kalamu ya karani ilikwaruza karatasi. Diwani Hadi akamgeukia Ami, Ami akatazama kitambaa cha kijani.

"Mimi nilimjua Bi Kuluthum," akasema Diwani Absalom. "Alimpokea kifungua mimba wangu. Kwangu mimi yamekwisha. Kama kitovu kimezikwa huko, huyu ni wa huko. Andika, karani."

Hatimaye Ami akasema, "Andika." Alilisema kwa shida, lakini alilisema. "Bi Rosalia Wafula atabaki katika kazi yake."

Wasichana wakapumua kwa pamoja, kisha wakakumbuka kwamba mgeni Bunge hasemi. Ningeshuka pale. Karani alikwisha kuinua kichwa kunionyesha njia. Lakini Ami alikuwa bado ananitazama, na katika uso wake sikuona tena mwenyekiti.

"Suad," akasema. "Kwa nini ulisema hujui?"

"Kwa sababu..."

Tok.

Kidole kimoja tu kiligonga, taratibu, kwenye benchi la nyuma. Mapenzi. Nadhani hata yeye hakukusudia; mkono ulifanya wenyewe. Karani alimtupia jicho kali. Mzee Kaviha mlangoni akainamisha kichwa akatazama viatu vyake.

Sababu nilikuwa nayo. Ilikuwa tayari mdomoni, safi, nimeitengeneza kwa wiki mbili: niliogopa, Ami, nilikuogopa wewe. Ukumbi mzima ulikuwa unaingoja. Diwani Absalom alikwisha kumtazama Ami kwa pembe ya jicho. Na Ami mwenyewe aliingoja; aliinua mkono nusu kutoka mezani, kama mtu anayejitayarisha kupokea mzigo. Angeubeba. Angerudi nyumbani akanimenyea chungwa asinilaumu.

Nikageuka nyuma. Rosalia alikuwa amesimama. Machozi yalikuwa yakimshuka, na bado alikuwa ananiitikia kwa kichwa, polepole, kama anavyowaitikia wasichana wanaposahau mashairi: ndiyo, nimeelewa, uliogopa, basi, shuka. Alikuwa amekwisha kunitafutia sababu, tena nzuri kuliko yangu, na amekwisha kunisamehe kwayo.

Ningemwacha anisamehe hivyo, ningekunywa chai yake kila asubuhi mpaka tuzeeke, na asingejua amemsamehe nani.

"Nilisema sijui," nikasema, "na nilijua."

"Hayo tumesikia," akasema Diwani Hadi. "Umeulizwa kwa nini. Ulitishwa na mtu?"

"Hapana. Hakuna mtu aliyenitisha."

Mkono wa Ami ukarudi mezani.

Nilimtazama Rosalia peke yake. Miguu ilitetemeka juu ya jiwe, mikono ilitetemeka ndani ya buibui, lakini sauti, sijui ilitoka wapi, ilifika mpaka benchi la nyuma.

"Nilitaka darasa lako, Rosalia. Nilitaka uondoke."